Kusamehe si kufunika kombe

Mhariri,

Katika jumuiya zetu hapa Tanga, mtunza hazina wa kikundi akila pesa, neno la kwanza utakalolisikia ni "msameheni, yaishe." Anayeuliza ni shilingi ngapi anaonekana hana roho ya Kikristo. Kwangu mimi, huyo ndiye aliyeisoma Mathayo 18 vizuri.

Petro alipouliza kama asamehe mara saba, Yesu alimjibu saba mara sabini. Wengi wanazidisha wanapata 490. Kigiriki chake kinasomeka pia sabini na saba, na hiyo ni hesabu ya Lameki katika Mwanzo 4, aliyejigamba mbele ya wake zake kwa ukubwa wa kisasi chake. Yesu aliichukua hesabu ya kisasi akaifanya ya msamaha. Kikomo hakipo, hilo halina ubishi.

Ila tazama mfano unaofuata unavyoanza: mfalme anafanya hesabu na watumwa wake. Mmoja anakutwa na deni la talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua kwa siku. Kwa siku 300 za kazi kila mwaka, deni hilo ni miaka 200,000, na mtu anaahidi kulilipa lote! Mfalme anamfutia. Mwenzake anadaiwa naye dinari 100, kazi ya miezi minne, deni linalolipika kabisa, na huyo ndiye anayemshika koo. Ziondoe tarakimu hizo uone kama mfano una maana.

Basi mkosaji aendewe kwanza na mtu mmoja, faraghani, daftari mkononi. Akikana, ndipo waende wawili watatu. Kiasi kikishajulikana, kila mtu asamehe chake. Kama ni shilingi 600,000 za wanachama 30 wenye hisa sawa, kila mmoja ana 20,000 yake; mwenyekiti hana mamlaka ya kusamehe 580,000 za wenzake. Hapa ndipo tunapoharibu: mama aliyetegemea pesa ile anunue mchele wa vitumbua anaambiwa na mwenye mshahara kwamba pesa si kitu.

Aliyesamehe, deni lipigwe mstari siku hiyo hiyo na aweke saini. Baada ya hapo, kumvalia mdeni kanga yenye jina la kumsema, Jumapili baada ya Jumapili, ni kumshika koo kipwani.

Ufunguo ni jambo jingine. Sanduku la pesa za kikundi lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na halilali kwa yeyote kati yao. Aliyekula anaweza kusamehewa leo na kuketi nasi ibadani leo, ufunguo asiupate tena. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, naye hakuishia kwenye furaha ya kutembelewa; alitaja kurudisha mara nne.

Na kipigo cha nyumbani kisiletwe kwenye kikao cha wazee kama deni la kikundi. Mwanamke anaweza kumsamehe mumewe huku analala kwa dada yake, na jalada lake liko Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Wazee wanaomrudisha usiku ule ule kwa "saba mara sabini" wasome swali tena. Petro aliuliza ndugu yake amkose yeye mara ngapi naye amsamehe. Hakuuliza awasamehe mara ngapi waliowakosea wengine.

Mzee wa kanisa,
Makorora, Tanga