Mjomba, uuguzi niliuandika wa kwanza

Shikamoo Mjomba,

Kwenye kikao cha harusi uliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Daraja la kwanza lote lile, PCB, halafu unakwenda kuwa nesi?" (PCB ni fizikia, kemia na baiolojia.) Watu wakacheka, Mama Mkubwa akageuza mazungumzo, nami nikanyamaza kwa sababu sikulelewa kujibizana na mkubwa wangu hadharani. Lakini swali hilo si lako peke yako. Mwalimu wangu wa kidato cha sita aliniuliza, majirani huniuliza, na hata wagonjwa wodini huniuliza wakishajua ninasoma shahada. Ndiyo maana nakujibu hapa kwa heshima zote, na wengine wasome.

Nianze na lile unalowaambia rafiki zako wa mtaa wa Gerezani, Dar, kwamba nilikosa nafasi ya udaktari. Sikuikosa, kwa kuwa sikuiomba. Dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa, niliandika uuguzi kuwa chaguo la kwanza, na alama za kuomba udaktari nilikuwa nazo. Mama aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo.

Sababu yangu unaijua, maana ni mama yako mzazi.

Bibi alipopata kiharusi, mzigo wa gharama uliubeba wewe: gari la kumshusha kutoka Lushoto, vipimo, kitanda, dawa za kununua nje. Hilo sitalisahau. Ulikuwa unafika Jumamosi, unaonana na daktari, unarudi Dar kufungua duka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikisubiri matokeo, nikapewa kazi ya kulala naye hospitali. Kwa hiyo wewe uliiona hospitali ya mchana na mimi nikaiona ya usiku.

Unaukumbuka ugomvi wa uji? Mama Mdogo alikuja na chupa ya uji wa ulezi, nesi wa zamu akamzuia: hakuna kumpa Bibi chochote kwa mdomo. Mama Mdogo akakupigia simu analia kwamba nesi anamtesa mama kwa njaa, nawe ukampigia inchaji wa wodi ukafoka. Nilikuwapo, Mjomba, ila wakati ule sikuwa na maneno ya kukueleza kilichokuwa kinaendelea. Sasa ninayo.

Kabla ya uji kufika, nesi yule alimkalisha Bibi wima, akampa maji kwa kijiko cha chai, kidogo sana, kisha akamwambia aseme jina lake. Mara ya kwanza sauti ilitoka vizuri. Baada ya kijiko kingine sauti ikawa na majimaji, kama mtu anayesema huku koo limejaa, halafu Bibi akakohoa kikohozi kisicho na nguvu. Nesi akaweka kijiko chini. Akanieleza kwamba kiharusi kinachopooza mkono kinaweza kulegeza pia misuli ya kumeza, kwamba uji ule ungeshuka mapafuni, na kwamba nimonia inayoanzia hapo huua wagonjwa wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Akaandika kwenye faili. Asubuhi daktari alisoma, akamtazama Bibi, akakubali, na Bibi akawekewa mpira wa kulishia puani mpaka koo lilipopata nguvu. Wewe ulipofika Jumamosi ulimshukuru daktari. Alistahili shukrani. Nesi alikuwa ameshamaliza zamu.

Kuna na jingine. Kila baada ya saa mbili, usiku kucha, alikuja tukamgeuza Bibi. Alinifundisha kuweka mto katikati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro. Alinionyesha kukagua mfupa wa chini ya kiuno, nyonga na visigino, kila mahali mfupa unapokaribia ngozi. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Yeye aliniambia kwamba kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu unaweza usiuone kabisa, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono, sikia kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Miaka michache baadaye nilikaa darasani nikasikia mhadhiri akifundisha jambo hilohilo, nikajikuta nalia, wenzangu wasijue kwa nini.

Bibi alirudi nyumbani bila kidonda hata kimoja. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kulitaja hilo, na silaumu, kwa sababu ni vigumu kumshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea. Kidonda hakikutokea. Nimonia haikutokea. Wewe una mafundi pale dukani, na umewahi kunisifia yule anayesikia mlio wa injini ikiwa bado inatembea na kusema hii haifiki Morogoro. Unamlipa zaidi ya wengine na huwaachii majirani wamchukue. Basi mimi nilitaka kujifunza kusikia hivyo, kwa watu.

Nilipoingia chuoni nilikuta sayansi yenyewe ni pana kuliko nilivyofikiri. Anatomia tunasoma, famakolojia, yaani elimu ya dawa, tunasoma, mwaka wa kwanza nusu ya vipindi tulikaa na wenzetu wa udaktari. Miaka minne, kisha mwaka wa intanshipu, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi, kisha mtihani wa leseni. Leseni hiyo inatolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010, na baraza hilohilo linaweza kumwita muuguzi ajieleze akikiuka maadili ya kazi. Nakutajia haya kwa sababu ulisema nesi anafuata maagizo tu. Maagizo tunayafuata, ndiyo. Lakini nikiona kipimo cha dawa kilichoandikwa kinazidi kile ambacho figo za mgonjwa zinaweza kukibeba, kisha nikachoma sindano kimya, kosa hilo ni langu pia.

Mahali niliponogewa hasa ni wodi ya wazazi. Huko nilikutana na karatasi iitwayo patografu, na ningependa uijue kwa sababu imebeba hoja yangu nzima. Mama akiwa katika uchungu, mkunga anachora humo jinsi njia inavyofunguka, sentimita kwa sentimita, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Juu ya karatasi ile ya zamani, ambayo bado ndiyo tunayoitumia kujifunzia, kuna mistari miwili iliyolala mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikiachana kwa saa nne. Mistari hiyo iliwekwa na madaktari Philpott na Castle huko Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1972. Walikuwa na tatizo la Kiafrika kabisa: mama yuko kliniki ya pembeni na mkunga, daktari yuko mbali, gari ni la kutafuta. Nani ataamua kwamba safari ianze sasa, kabla hatari haijafika? Jibu lao lilikuwa mkunga, akiwa na kalamu na saa. Zile saa nne kati ya mistari ni muda wa gari.

Hebu fikiria hilo usiku wa manane, zahanati iliyo juu mlimani kama zile za kwetu. Hakuna wa kumwuliza aliye karibu. Uamuzi uko mikononi mwa mtu mmoja ambaye kwenye kikao tulimcheka.

Na kuna jambo la karibuni zaidi ambalo Tanzania ilishiriki. Mama anapotokwa damu baada ya kujifungua, kwa miaka mingi kiasi kilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya kwa sababu damu inanyonywa na mashuka na kuchanganyika na maji ya uzazi. Utafiti uitwao E-MOTIVE ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Chini ya mama uliwekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinachukuliwa kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, kumkagua na kuita msaada. Mahali mfuko ulipotumika, wahudumu waligundua asilimia 93 ya akina mama waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi. Mahali palipoendelea na utaratibu wa zamani waligundua asilimia 51. Yaani karibu nusu walikuwa wanavuja damu na hakuna aliyetambua. Kutokwa damu kukubwa kabisa, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo nyingi zilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni mtu anayepima, anayeona mapema na kuchukua hatua dakika ileile, na katika vyumba vya kujifungulia mtu huyo mara nyingi ni mkunga.

Nikisoma mambo kama haya naona aibu ile uliyonitakia kikaoni haina pa kukaa.

Sasa nije kwenye lile ulilolisema kwa sauti ya chini, kwamba manesi wana lugha mbaya. Ni kweli, Mjomba. Nimeliona kwa macho yangu wakati wa mafunzo kwa vitendo. Nimemsikia mama aliye katika uchungu akiambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na nimemwona binti mdogo akifichwa kadi yake ya kliniki kwa sababu tu amekuja bila mwenza. Hakuna upungufu wa watumishi unaohalalisha hayo. Nimemwona pia nesi aliyebaki peke yake na wodi nzima usiku, wagonjwa wengine chini, akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda, na asubuhi ndugu mmoja akamtukana kwa kuchelewa kuleta shuka. Mambo hayo mawili yapo katika jengo moja, wakati mwingine katika mtu mmoja. Mimi nataka niwe miongoni mwa wanaobadilisha hilo la kwanza, na sitaweza nikiwa nje.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Mshahara wa muuguzi haujengi ghorofa, na ajira yenyewe inasubiriwa. Waliotutangulia wapo wanaojitolea hospitalini kwa posho ya nauli huku wakifuatilia matangazo ya ajira kila wiki. Inauma zaidi ukijua kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani kwa mwaka 2023: wodi zinahitaji watu, watu wapo, na katikati pana ukuta wa bajeti. Ulinishauri nisome haraka niende Uingereza au Muscat. Wapo wanaokwenda, na siwalaumu, kila mmoja anajua mzigo wa nyumbani kwao. Mimi nia yangu ni kubobea katika ukunga na kufanya kazi ngazi ya wilaya, ikiwezekana Tanga. Najua wakati wa kusubiri ajira nitahitaji kusaidiwa, na nitakuja kwako kukuomba bila kuona haya, kama mtoto wa dada yako.

Ukinambia familia ina haki ya kukasirika, nitakukumbusha Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka misingi ya uuguzi wa kisasa, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Alitoka kwenye utajiri, na familia yake ilimpinga kwa miaka mingi ikiona kazi ya kuhudumia wagonjwa ni ya hadhi ya chini. Watu humkumbuka kwa taa aliyopita nayo wodini usiku. Mimi namheshimu zaidi kwa hesabu: alirudi kutoka vita ya Crimea akachora michoro kuonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yaliyozuilika kuliko majeraha ya vita, na wakubwa wakalazimika kusikiliza.

Nina ombi moja. Mama ananiambia kwamba ukiulizwa na wateja bado unasema mpwa wako anasomea udaktari. Naomba uanze kusema uuguzi. Ukiombwa maelezo zaidi wape habari ya ule uji.

Nitakuwa Dar wiki ya mwisho ya likizo, na nitakuja na mashine ya presha. Bibi aliacha dawa kwa sababu alijisikia mzima, na wewe ni mwanawe. Naomba nusu saa kabla sijafika usinywe kahawa wala usivute sigara. Tutakaa kimya dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nitapima mara mbili. Nambari zikiwa juu, tutapima tena siku nyingine, na zikirudia nitakusindikiza kliniki mwenyewe.

Nisalimie Mama Mkubwa na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako