PDF Sikutumii, Mwanangu

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na Mamkubwa wako, shoga yangu, nimemfikishia pongezi zako za mkusanyiko wake wa hadithi fupi, kama ulivyoziandika. Alicheka, akasema, "Mwambie nimezipokea, ila pongezi hazimlipi mchapaji."

Sasa nije kwenye ule ujumbe wenyewe. Chini ya pongezi uliniomba nikutumie PDF ya kitabu hicho kwa WhatsApp, na chini yake tena ukauliza, "Na wewe Mama, chako lini?" Mambo haya mawili siwezi kuyajibu kwa kidole gumba, kwa hiyo vumilia barua. Huko Mwanza najua mna ziwa la kuangalia jioni, lakini hii nayo isome.

PDF sikutumii. Ninayo, maana mimi ndiye niliyemsomea prufu, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, na faili limo kwenye simu hii hii. Likitoka kwangu likaja kwako, kesho litakuwa kwenye grupu la mliosoma pamoja, keshokutwa kwenye magrupu ya walimu, na haitapita wiki kuna mtu mwenye mashine ya kopi atakuwa analitoa na kulibana kwa plastiki, anauza kwa bei ya chipsi yai. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini sheria hailali dukani kwa mwenye mashine.

Wewe unamjua Mamkubwa wa Idi, wa pilau na wa kukufinyia elfu mbili ya soda. Wa kwenye kaunta buku humjui. Alifanya kazi masjala mpaka anastaafu, kutwa anafungua na kufunga majalada ya watu, na jioni akifika nyumbani anaandika, kalamu ya bluu kwa hadithi na nyekundu kwa kujikosoa. Tulijuana Maktaba Kuu, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Mimi nilikwenda kutafuta vitabu vya kufundishia. Yeye alikuwa amekaa dirishani, amevua viatu, anaandika. Nikamwuliza kama anajiandaa na mtihani. Akanisogezea daftari bila kujibu. Nilisoma nimesimama mpaka mhudumu akaja kutuambia wanafunga.

Kuanzia siku ile amekuwa akitafuta wa kumchapishia, na karibu kila aliyemwendea alimwuliza swali lile lile: kinafundishwa shule? Usiwalaumu haraka. Biashara ya vitabu hapa kwetu inaishi kwa shule. Riwaya, tamthiliya na ushairi vina nafasi yake kwenye orodha ya vitabu vya sekondari, na mzazi atanunua apende asipende. Hadithi fupi imebaki kando. Wenzetu Kenya waliiingiza kwenye mtihani wa sekondari, na huko mikusanyiko inachapwa na inauzika. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Tuzo ni jambo jema na ilipaswa kuanzia mahali, lakini anayeandika hadithi fupi anaona alipowekwa.

Na hadithi fupi si mgeni mjini hapa. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likawazoesha watu kusoma hadithi na mashairi kwa Kiswahili katikati ya habari za mazao na za serikali. Babu yako, Mungu amrehemu, gazeti la Jumapili alilianzia ukurasa wa hadithi. Siasa aliisoma baada ya chai. Alikuwa mtu wa kupima mbao kiwandani, hakuwa na muda wa kitabu cha kurasa mia tatu, lakini hadithi ya kumaliza kabla chai haijapoa hakuikosa.

Basi mwaka huu akapatikana mchapishaji mdogo, mtu wa ofisi ya chumba kimoja, akakubali. Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa, na kila moja ikikunjwa inatoa kurasa 16. Mswada wa Mamkubwa ulivuka kwa kurasa tatu. Maana yake iongezwe karatasi nzima, kurasa 13 zikae tupu mwishoni, na gharama ipande. Mchapishaji akamwambia kwa upole achague hadithi moja aitoe. Mamkubwa akasema hatoi mtoto wake hata mmoja, atawapunguza wote chakula.

Ungetuona barazani kwake! Prufu zimetandazwa mkekani, zimewekewa vijiko juu zisipeperuke, yeye na kalamu nyekundu, mimi na miwani yangu ya kuazima kwa baba yako. Tulianza na vivumishi. "Usiku mnene wa giza" ukabaki usiku. "Alilia machozi" akabaki analia. Halafu ikafika aya moja ya mvua ya masika, nzuri, naijua tangu ikiwa kwenye kaunta buku, nimewahi hata kuwasomea wanafunzi wangu. Akaiangalia kitambo. Akaniuliza, "Hii mvua inamfanya nini huyu mwanamke?" Nikasema haimfanyi kitu, inanyesha tu. Akaipiga mstari kutoka juu mpaka chini. Mimi ndiye niliyeumia. Yeye alikuwa ameshageuza ukurasa. Kurasa tatu zikapatikana, na mbili za ziada, ambazo mchapishaji aliweka shukrani.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ilipotoka kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, alinipigia simu usiku akanisomea tarakimu zote 13, polepole, kama mtu anayekusomea tokeni ya umeme. Nikaziandika. Sijui za nini, lakini niliziandika.

Kwenye kitabu, anza na hadithi ya tatu. Nyumba ya vyumba sita Manzese, wapangaji sita, LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Mwanamke mmoja ndiye mshika daftari la michango. Limetundikwa kwenye msumari, lina kamba ya kalamu. Anagundua yuniti zinashuka usiku wakati kila mtu amezima. Nyumba nzima inamnyooshea kidole binti wa chumba cha uani mwenye pasi. Mshika daftari anakesha, anafuata waya kwa kurunzi, na waya unaishia chumbani kwa shemeji yake mwenyewe, simu zaidi ya kumi zimepangwa sakafuni zinachajiwa kwa pesa. Asubuhi watu wanamzunguka, "Haya, umeona nini?" Anachukua kalamu, anaandika michango ya siku ile kama kawaida. Jina la binti wa uani analiandika nalo, na mbele yake anaweka kiasi kile kile cha siku zote. Basi. Hatuambiwi moyo wake ulikuwaje. Mwandishi mwingine angempa hotuba, au angemwangusha mtu kwa presha.

Ile ya mzee wa Jangwani nayo usiipite. Unakumbuka bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, mwishoni mwa 2015 kuingia 2016, nyumba zinawekewa X nyekundu ukutani? Ulikuwa bado mdogo lakini ulikuwa unaziona ukipita kwenye daladala na kuuliza ni mchezo gani. Mzee wa kwenye hadithi kila jioni anaipaka chokaa X yake, na kila akipaka, wekundu unarudi kutokea chini yake, hafifu zaidi, wa waridi. Majirani wanamcheka. Yeye anaulizia chokaa bora. Hakuna anayemlilia kwenye hadithi ile, hata mwandishi, na mimi nililazimika kuweka prufu chini nikaenda kusonga ugali kwanza.

Nikuambie na lisilonipendeza, usije ukadhani nampigia debe. Hadithi ya mtoto wa mtaani haijanikaa. Inakwenda vizuri mpaka kurasa mbili za mwisho, kisha Mamkubwa mwenyewe anaingia, anasimama katikati ya stendi na kuanza kuihutubia jamii. Nilimwambia. Akasema, "Hiyo nilijua utaigusa," na hakuibadilisha. Kitabu ni chake. Na lugha ya wale vijana wa kijiweni ni ya vijana wa zamani. Leo hakuna konda anayeongea vile.

Uzinduzi ulikuwa kama uzinduzi mwingine wowote wa Dar. Mgeni rasmi alichelewa, MC alisema kitabu kitaleta mapinduzi bila kukifungua, keki ilikuwa na umbo la kitabu, nakala ya kwanza ikapigwa mnada tukapiga vigelegele. Mamkubwa alipendeza, nguo ya kijani, kilemba kimesimama. Mimi nilipewa meza ya mauzo.

Ni pale mezani nilipopata jibu la barua hii. Watu walikipenda kitabu, hilo siwezi kukataa. Walikishika, wakapiga nacho picha, wakakinusa hata, wakakirudisha. Wengine waliniinamia sikioni: "Mwalimu, mwambie shoga yako anigaie kamoja, anisainie." Watu wazima wenye magari. Mtu akifungua mgahawa hatuingii kumwambia atupe sahani tumpongeze. Kwa nini kitabu? Kisha akaja kijana aliyekuwa anapanga viti. Alifuta mikono kwenye suruali, akafungua katikati, akasoma akiwa ameegemea ukuta mpaka msimamizi wake akamwita mara mbili. Akaniuliza bei, akaondoka, nikajua ndio basi. Alikwenda kukopa elfu tano kwa mwenzake, akarudi na noti zimekunjwa. Nilimwita Mamkubwa kutoka meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, aje amsainie.

Unakumbuka Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi? Kila simu ilijaa "hongera kwetu", "mwana wa nyumbani". Shuleni kwetu ofisi nzima ilishangilia. Nilipowauliza wenzangu wamesoma kitabu chake kipi, mmoja aliniambia, "Mwalimu, usituharibie furaha." Yule aliishi bila kusubiri kelele zetu. Mwandishi wa Magomeni anayechapa nakala chache kwa akiba ya kiinua mgongo hana ubavu huo. Zisiponunuliwa hizi, mchapishaji wa chumba kimoja hatachapa mkusanyiko mwingine, wa kwake wala wa mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo na mimi ninapoingia. Umeuliza changu lini. Ninazo hadithi, unazijua, na baadhi zimekuhusu ndiyo maana hujaonyeshwa. Kama kweli ulitaka kujua naona wivu, ninao. Kuna sentensi kwenye ile ya LUKU, pale kurunzi inapopita juu ya malapa ya shemeji mlangoni, niliisoma nikasema hii ilikuwa yangu. Nimekaa nayo siku kadhaa natafuta alivyoifanya, na nadhani nimeona: hakuyataja malapa mapema, kwa hiyo msomaji anayatambua wakati mmoja na yule mwanamke. Jana usiku nilirudi kwenye hadithi yangu ya mwalimu na sare, nikafuta mwanzo wote. Nikikimbilia kuchapa sasa hivi nitakuwa nimetoa kitabu cha kujibu kitabu chake, na wasomaji si wajinga, wataona. Changu kitatoka kikiwa tayari, na nategemea Mamkubwa ndiye atakayekaa kwenye meza ya mauzo. Ameshaniahidi kuwafukuza wote wanaoomba kamoja.

Nakala yako imeondoka leo asubuhi na basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Risiti ya mzigo nimeipiga picha, utaiona kwenye simu. Usichelewe kuifuata, ofisi zao zikijaa wanatupa mizigo kona. Bei ni shilingi 15,000. Mtumie Mamkubwa mwenyewe kwa namba yake ile ile, na ya kutolea uongeze.

Ukishasoma hadithi ya tatu mpigie. "Nzuri sana Mamkubwa" ameshaambiwa na MC. Mwambie ulipocheka, ulipobisha, na kama kuna mahali ulichoka mtajie ukurasa, ana kalamu nyekundu bado. Na hao vijana wa kijiweni, wewe unaijua lugha yao kuliko sisi wawili. Mwambie wanavyosema siku hizi, anaandaa toleo la pili kichwani hata kabla la kwanza halijaisha. Piga baada ya saa moja jioni. Kabla ya hapo anakuwa kwenye kikoba na simu anaiacha nyumbani.

Baba yako anakusalimu, anauliza sato wa huko mnapata kwa bei gani.

Mama yako