Assab isitafutwe kwa mtutu wa bunduki

Mhariri,

Taarifa za majeshi kusogezwa karibu na mpaka wa Ethiopia na Eritrea zinatia hofu, hasa kwa tunaokumbuka kwamba vita vya 1998 hadi 2000, vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, vilianzia Badme, kijiji kidogo kisicho na mafuta wala dhahabu. Ethiopia, iliyobaki bila pwani Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, ina haja ya kweli ya bahari. Lakini bandari ya jirani, kama Assab ya Eritrea kwenye Bahari ya Shamu, hutumiwa kwa mkataba na malipo, kama Ethiopia inavyofanya na bandari ya Djibouti. Mapigano yakizuka, Tigray, jimbo la Ethiopia linalopakana na Eritrea, ambalo wakimbizi wake wengi wa vita vya 2020 hadi 2022 bado wamo kambini, litaumia tena. Umoja wa Afrika, wenye makao yake Addis Ababa kwenyewe, usingoje risasi ya kwanza ndipo utume wasuluhishi.

Msomaji,
Nairobi