Barua ya wazi: Kazi nyepesi ya mume wangu ina mwisho?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya za askari wetu,

YAH: KARATASI YA 19 YA KAZI NYEPESI

Mheshimiwa, shikamoo.

Naandika hadharani kuhusu mume wangu, askari aliyeumia goti kazini na hadi leo hajaamuliwa kama anafaa au hafai, kwa sababu barua tatu nilizokuletea kwa bahasha sijajibiwa hata moja. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu Septemba 2023, nikagongewa muhuri na kuambiwa nisubiri. Ya pili ilikwenda kwa basi. Ya tatu niliipeleka Machi mwaka huu wa 2025, na kijana wa mapokezi akaniuliza kama mume wangu anajua kwamba nimekuja. Anajua. Hii pia anajua, ingawa hakutaka niiandike. Naomba lawama yoyote ije kwangu mimi, fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara, isimfikie yeye.

Usiku wa Jumanne, tarehe 10 Juni, mume wangu alianguka lindoni. Alipangwa kusimama kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtu ambaye daktari amemkataza kusimama muda mrefu, kukimbia na kubeba mzigo. Ilikuwaje akapangwa? Karatasi yake ya 18 ya kazi nyepesi, yaani ile ya daktari inayomwondolea kazi ngumu kwa muda, iliisha Jumatatu, tarehe 9. Daktari alikuwa safarini hadi Ijumaa. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, kwa hesabu ya makaratasi, mume wangu alikuwa mzima, na mzima hupangiwa lindo. Saa nane usiku goti likamgeuka, akaenda chini na silaha yake. Wenzake walimbeba.

Ijumaa, tarehe 13, akaonwa. Daktari ni mpya, wa tano sasa tangu tuanze safari hii. Alimuuliza tatizo lilianza lini, akaandika, akampa karatasi ya 19: wiki sita, kazi nyepesi, arudi kuonwa.

Nimezitunza zote 19 ndani ya kopo la biskuti, chini ya vitambaa vya wateja. Kuna za wiki mbili, za mwezi, na mbili za miezi mitatu. Usiku ule wa Ijumaa nilizitandaza mezani nikazisoma moja baada ya nyingine, na ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nikikihisi bila kukipatia maneno. Hakuna karatasi inayoijua mwenzake. Kila moja inaanza kama vile mtu ameumia jana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni ya 7, au ya 12, au kwamba zikifika kadhaa inatosha, mtu apelekwe mbele. Mheshimiwa, kazi yangu ni kupima. Sikati kitambaa kabla sijajua urefu wake wote. Mume wangu aliumia tarehe 14 Novemba 2022. Hadi Ijumaa hiyo ni siku 942. Nimezihesabu mimi, kwa kalenda ya ukutani, kwa sababu sijaona mwingine aliyezihesabu.

Aliumia mazoezini, akiwa na mzigo mgongoni, akashuka kwenye gari goti likazunguka. Kwa miezi minne tuliambiwa ni mshtuko wa misuli. Tulipofanya kipimo cha MRI Dar es Salaam, kwa fedha zetu, tukaambiwa kano ya ndani ya goti imekatika. Daktari wa mifupa alitueleza vizuri sana, Mungu ambariki. Alisema goti lililokatika kano hucheza, na likicheza muda mrefu gegedu lake, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane, huchakaa, na gegedu halioti upya. Akasema paja nalo hunywea kwa kutotumika. Hilo sikuhitaji kuambiwa, maana nimeipunguza kombati yake pajani mguu mmoja mara mbili kwa mkono wangu, ili gwarideni asionekane.

Tukapangiwa upasuaji mwanzoni mwa Mei 2024. Unakumbuka wiki ile. Mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara tukabaki kisiwani. Basi letu liligeuzwa Kilwa. Tulilala njiani, yeye mguu kaunyoosha kwenye kiti cha mbele, tukarudi nyumbani. Hilo simlaumu mtu, ni mambo ya Mungu. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Tulipoomba tarehe nyingine tuliambiwa rufaa ya hospitali imepita muda wake, tuanze upya kikosini. Kikosini wakasema tuanze upya kwa daktari. Daktari akaandika kazi nyepesi.

Gharama ya MRI na safari zile niliipata kwa kuuza korosho za baba yangu za Nanyamba zikiwa bado mtini, kwa kangomba. Najua Serikali inaikataza na najua ni kwa nini. Nilipewa bei ya kutupwa, na msimu ulipofika nikawatazama majirani wanapeleka magunia ghalani mimi sina hata kilo. Sasa hivi ni wakati wa kupulizia salfa, dawa ya mikorosho. Mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni na yeye hawezi, kibarua anataka fedha, na mikorosho haisubiri goti la mtu.

Usinielewe vibaya. Mshahara anaupata kila mwezi na tunashukuru. Lakini askari wa kazi nyepesi hapelekwi kozi ya kupanda cheo, na wale alioanza nao depo sasa wanampa amri. Hapangwi kwenye kazi zenye posho. Hawezi kuomba aachiwe aende akatafute riziki nyingine, kwa sababu hakuna aliyesema hafai. Hawezi kurudi kazini sawasawa, kwa sababu hakuna aliyesema anafaa. Wapo wanaomwita mgonjwa wa kudumu, na wapo wanaosema anadeka. Mwanaume aliyeomba mwenyewe kwenda mpakani, kule Mto Ruvuma, mwaka ambao kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji kutoka Msumbiji na askari wengine wakitamani kuhamishwa. Anadeka!

Mdogo wangu ni mlinzi wa kampuni binafsi mjini hapa. Alipovunjika mkono, mwajiri wake alimfungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 akamwonyesha hesabu: likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Siyo hesabu ya huruma sana, lakini ni hesabu. Alijua amesimama wapi. Nikafurahi nikadhani na sisi tutajipima humo. Msaidizi wa kisheria akaniambia, dada, sheria hiyo imewatoa askari nje, soma mwanzoni kabisa. Nikasoma. Ni kweli. Siku 942 ni zile 126 mara saba na bado zinabaki.

Binti yangu wa kidato cha tano akatafuta wenzetu wanafanyaje. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina karatasi za namna hii hii, za vikwazo vya muda. Moja haizidi siku 90. Na zikijumlishwa kwa tatizo lile lile, mwezi wa 12 ndio ukomo: askari anafanyiwa tathmini ya kuamua kama atabaki jeshini, na kwa masharti gani. Sisemi tuige Marekani. Nasema kumbe ukomo unawezekana kuwekwa, na jeshi lisianguke.

Kwa nini kwetu hapa inakuwa hivi, sijui kwa hakika. Nadhani madaktari wanahama kabla hawajamjua mgonjwa. Nadhani pia kuandika wiki sita ni rahisi kuliko kumpeleka mtu mbele ya bodi ya madaktari, kwa sababu bodi ikikaa lazima mtu atie sahihi: apasuliwe, abadilishiwe kazi, au astaafishwe kwa maradhi na alipwe haki yake. Wiki sita haimgharimu mtu yeyote sahihi nzito. Inatugharimu sisi.

Mheshimiwa, mwaka jana ulikuja kusini ukakutana na familia. Mimi nilikaa safu ya tatu, nimefunga kilemba cha kijani. Ulituahidi kwamba kila askari aliyeumia kazini faili lake litapitiwa kabla ya mwaka kwisha. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Mwaka umekwisha. Mwingine umefika nusu. Faili la mume wangu kama limepitiwa, basi aliyelipitia hakumwita mwenye goti.

Sikuombi fedha. Sikuombi apewe cheo. Nilianza kuandika nikiwa na maombi mengi, ya nauli, ya rufaa, ya yule aliyempanga lindo aulizwe, nimeyafuta karibu yote. Naomba bodi ya madaktari ikae kumjadili mume wangu, na naomba tarehe. Wakisema anapasuliwa, nitafunga cherehani nikamuuguze. Wakisema hafai tena, tutalia usiku mmoja, asubuhi tutaanza kupanga maisha, yeye ana miaka 38, bado ana mikono. Wakisema anafaa kwa kazi ya mezani, iandikwe hivyo moja kwa moja, isiwe ya kuisha Jumatatu akalindishwa Jumanne. Lolote watakalosema tutalipokea. Na wenzake wawekewe idadi ya siku, maana katika kikosi hicho hayuko peke yake, wake zao tunakutana sokoni.

Karatasi ya 19 inaisha tarehe 25 Julai. Ni Siku ya Mashujaa. Hapa kwetu makaburi yao yapo Naliendele, wale waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, na kila mwaka mume wangu huenda kuwaamkia hata kama hakupangwa. Mwaka huu ameniuliza kama nitamshika mkono pale penye ngazi.

Tarehe ya bodi, Mheshimiwa. Kabla ya tarehe 25.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mke wa askari,
Magomeni, Mtwara