Watafiti wa afya ya akili walinde siri za wanaohojiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tafiti za afya ya akili zinazofanywa vijijini. Hivi karibuni, kijijini kwetu wilayani Chamwino, vijana wawili wenye vishikwambi walimhoji mama yangu mdogo chini ya mbuyu, mwenyekiti wa kitongoji akiwa ameketi hatua tatu kutoka hapo na majirani waliokuwa wakipepeta uwele wakisikia kila jibu. Walitumia lile dodoso la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa inayodumu) lenye maswali tisa, ambalo la mwisho huuliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru katika wiki mbili zilizopita. Mama mdogo alinyamaza, kisha akasema hapana. Sisi wa nyumbani tunalijua jibu la kweli.

Fomu ya ridhaa aliitia dole gumba bila kusomewa, ilhali Azimio la Helsinki la mwaka 1964, linaloongoza maadili ya tafiti za kitabibu kwa binadamu, pamoja na marekebisho yake, linataka mshiriki aelezwe lengo, madhara yanayoweza kutokea na haki yake ya kujitoa wakati wowote. (Kipande cha sabuni alichopewa, hicho alielezwa vizuri.)

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hata angejibu ndiyo, vijana wale hawakuwa na namba ya mtaalamu wa kumpigia wala utaratibu wa kumpatia rufaa, ingawa Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko Dodoma hapa hapa. Naomba kamati zinazotoa vibali vya maadili zifike vijijini bila taarifa wakati mahojiano yanaendelea, na ziwaulize washiriki wenyewe walielezwa nini.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma