Watu wa Tuktoyaktuk hawajaomba kuhamishwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba Wainuit, wenyeji wa Aktiki ambao pwani yao inaliwa na bahari, "wapelekwe mjini, yaishe". Mimi ni mtu wa Tanga, Chumbageni, na huu ni mwaka wa sita naendesha teksi Inuvik, kaskazini mwa Kanada. Abiria wangu wengi ni Wainuit wa Tuktoyaktuk, kijiji cha watu kama 900 pwani ya Aktiki. Kwenda huko ni karibu kilomita 140 za changarawe, barabara iliyofunguliwa Novemba 2017. Nayo imelala juu ya ardhi iliyoganda. Kiangazi inabonyea, bampa langu shahidi.

Agosti nilimpeleka bibi mmoja na maboksi yake ya sukari na maziwa ya unga. Tulipofika akaniambia nipitilize hadi kwenye ncha ya kijiji. Akanyoosha kidole juu ya maji matupu: "Nyumba ya kaka yangu ilikuwa pale." Ukingo umekatika wima, na ndani ya udongo kuna barafu nyeusi inayochuruzika kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa. Siku hizi bahari inachelewa kuganda, kwa hiyo dhoruba za vuli zinaupiga ukingo bila kizuizi.

Nikamuuliza swali lile lile la msomaji wenu: kwa nini msihame? Akageukia makaburi, nayo yako karibu na maji. "Na hawa utawapakia kwenye teksi yako?"

Nyumba kadhaa za pale zimeshavutwa nyuma, ndani ya kijiji hicho hicho. Msaada wa kweli ni huo: gharama za kuvuta nyumba, mawe ya kuvunja mawimbi, na posho kwa vijana wanaopima unene wa barafu.

Kuhamishwa wanakujua. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua familia za ndugu zao wa kijiji cha Inukjuak, kaskazini mwa jimbo la Quebec, ikazishusha Resolute na Grise Fiord, kama kilomita 2,000 kaskazini zaidi. Ziliahidiwa kwamba baada ya miaka miwili anayetaka atarudishwa. Ahadi hiyo haikutimizwa, na radhi ikaombwa mwaka 2010. Kila mzee niliyempakia akiisikia habari hiyo hunyamaza njia nzima.

Msomaji akiwa na hoja nyingine, aandike tena. Nitamjibu.

Dereva wa teksi,
Inuvik, Kanada