Kipimo cha jeni ya kusahau hatuna, cha mafuta tunacho

Anayeuliza mara nyingi ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Mama yake ameanza kusahau: anadai hajala wakati sahani bado iko mezani, anapotea njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote. Mwana amesoma kwenye simu kwamba ugonjwa huo hurithiwa, basi anafika mapokezi na ombi moja: nipimeni jeni. Tunamjibu wazi kwamba maabara yetu haifanyi kipimo hicho. Halafu tunamwomba asiondoke kwanza, maana kipo kingine kinachomhusu: cha mafuta ya damu.

Jeni anayoiulizia ipo kweli. Inaitwa APOE, iko kwenye kromosomu ya 19, na mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Allen Roses na wenzake, walionyesha kwamba inahusiana na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, uzeeni. Waliokuwa wakiijua zaidi kabla ya hapo ni watu wa moyo na mishipa, kwa sababu protini inayotokana na jeni hii kazi yake ni kubeba kolesteroli na mafuta mengine mwilini. Ina aina tatu kubwa, e2, e3 na e4, na kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kati ya protini ya e3 na ya e4 kinachotofautiana ni asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja cha kuijengea, katika 299. Hiyo moja inatosha kuipandisha LDL, yale tunayoyaita mafuta mabaya. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, mwenye e4 moja hatari yake ya Alzheimer hufika karibu mara tatu ya mwenye e3 mbili, na mwenye e4 mbili hufika mara nane hadi kumi na mbili. e2 nayo hupunguza hatari hiyo, ila baadhi ya wenye e2 mbili mafuta yao ya damu hupanda vibaya sana.

James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alipochapishiwa vinasaba vyake vyote aliomba sehemu ya APOE iachwe. Bibi yake aliugua Alzheimer, na hakutaka kujua. Tunamwelewa. Jibu la e4 halina kidonge cha kuifuta.

Tena takwimu hizo za Ulaya hazitutoshi sisi. Kwa miaka mingi watafiti waliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kule Ibadan e4 ni nyingi, lakini Alzheimer ilikuwa chache kuliko Indianapolis, na kuwa na e4 moja hakukuonekana kuongeza hatari kama ilivyozoeleka Ulaya. Wazee wa Nyeri, Kenya, walipopimwa, e4 ilikutwa kwa wingi pia, na haikuwatenganisha wagonjwa na wazima.

Kilichotuvutia zaidi sisi watu wa maabara ni utafiti wa 2006 kuhusu hao hao wa Ibadan. Watafiti waliangalia jeni na mafuta kwa pamoja. Kwa wazee wasio na e4, kolesteroli na LDL zilivyozidi kuwa juu ndivyo Alzheimer ilivyoonekana zaidi. Kwa wenye e4, uhusiano huo haukuonekana. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba hana jeni mbaya, akarudi nyumbani akishangilia, huenda ndiye hasa wa kuangalia mafuta yake. Ni utafiti mmoja, na kuonekana pamoja si kusababishana, lakini umetufanya tuache kuyaona mambo haya mawili kama habari mbili tofauti.

Mtu atauliza: mafuta ya damu yanafikaje kwenye ubongo? Kolesteroli yenyewe haivuki kirahisi, ubongo hujitengenezea yake. Njia iliyo wazi ni mishipa: LDL ikikaa juu miaka mingi huiziba, kiharusi hufuata, na kiharusi huleta aina yake ya demensia. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliiongeza LDL ya juu katika umri wa kati kwenye orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa. Umri wa kati ndio huu wa mwana aliyesimama mapokezi, siyo wa mama yake.

Mama mlete kwa daktari kwanza. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata dawa anazokunywa vinaweza kumsahaulisha mzee, na hivyo vina tiba.

Kipimo chenyewe cha mafuta hutoa kolesteroli yote, HDL (yale mafuta mazuri), LDL na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, seli hutulia chini na juu hubaki maji ya manjano yanayopenyeza mwanga. Aliyekula chipsi mayai na mishikaki usiku wa manane maji yake yanaweza kuja meupe kama tui, na kwa kuwa LDL mara nyingi tunaikokotoa kwa kutoa HDL na sehemu ya trigliseridi kwenye jumla, hesabu inaharibika. Ndiyo maana tunakuomba usile kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Maji kunywa, na dawa za presha usiziache.

Jibu letu halikwambii kama utasahau. Na dawa za kushusha mafuta zimethibitika kwa moyo na kiharusi. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba zinazuia demensia, kwa hiyo usizinunue dukani kwa ajili hiyo. LDL ikiwa juu tunakuandikia barua ya kwenda kwa daktari, na kama baba au mama alipata shambulio la moyo akiwa kijana, tuambie tuandike na hilo. Damu tunachukua asubuhi, majibu ni siku hiyo hiyo mchana.